Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani

Je, meli iliyong'olewa mitambo, ikafungwa gatini na kugeuzwa hoteli bado ni meli? Swali hili laweza kuonekana kuwa la mchezo, la kujadiliwa na wanafunzi wa isimu baada ya kipindi, lakini pana mji ambamo lilizua ugomvi wa kweli. Katika mji wa Long Beach, jimbo la California nchini Marekani, meli kongwe ya Waingereza iitwayo Queen Mary ilipokuwa ikigeuzwa hoteli, vyama vya wafanyakazi vilivutana. Nani mwenye haki ya kuifanya kazi hiyo, mafundi wa melini au mafundi wa nchi kavu? Hatimaye Walinzi wa Pwani wa Marekani ndio waliokata shauri: hiki si chombo cha majini tena, ni jengo. Hoja yao ilikuwa kwamba rafadha zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa na mitambo yake kung'olewa.

Uamuzi huo ulifaa kwa mambo ya ajira na sheria, lakini sisi tunaofundisha lugha na historia ulituachia swali gumu zaidi. Kitu kinapohifadhiwa baada ya kuvuliwa kazi yake, ni nini hasa kinachohifadhiwa? Maoni yangu ni haya: hoteli imeiokoa Queen Mary isikatwekatwe na kuuzwa kama vyuma chakavu, na kwa hilo yastahili shukrani. Hata hivyo, hoteli ni mlezi wa mwili wa meli tu. Kumbukumbu yake haiwezi kuachiwa biashara ya vyumba, kwa kuwa biashara hukumbuka yale tu yanayomfurahisha mteja.

Kabla ya kuitetea hoja hii, hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kilikuwa na majahazi, madau na merikebu tangu kale. Neno "meli" lilikuja baadaye, nalo asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, maana vyombo vya moshi vilivyotia nanga katika bandari zetu ndivyo vilivyoleta barua. Queen Mary nayo ilitanguliziwa jina lake herufi tatu, RMS, kuonyesha kwamba ilikuwa meli ya posta ya ufalme wa Uingereza. Kwa asili ya neno, basi, meli ni chombo kipelekacho ujumbe. Na tujiulize Queen Mary ilikuwa imebeba ujumbe gani.

Ujenzi wake ulianza mwezi Desemba 1930 mjini Clydebank, Uskoti, katika karakana za John Brown, na kwa muda mrefu haikuwa na jina ila nambari: 534. Mwaka mmoja baadaye mdororo wa uchumi uliokuwa umeikumba dunia ulisimamisha kazi. Maelfu ya mafundi walirudishwa majumbani, na kwa zaidi ya miaka miwili lile gofu la chuma lilisimama juu ya paa za nyumba zao likitota mvua. Kazi ilirejea mwezi Aprili 1934, baada ya serikali kutoa mkopo kwa sharti kwamba kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, Cunard na White Star, ziungane. Meli ilishuliwa tarehe 26 Septemba 1934, na tarehe 27 Mei 1936 ikaondoka Southampton kwa safari yake ya kwanza kwenda New York. Ilikuwa na urefu wa mita 311 hivi na dohani tatu, na mwaka 1938 iliivuka bahari ya Atlantiki kwa muda usiotimia siku nne, kasi ambayo hakuna meli ya abiria iliyoipita hadi mwaka 1952.

Vita vikuu vya pili vilipozuka, fahari hiyo ilivuliwa. Mazulia na samani vilishushwa, meli ikapakwa rangi ya kijivu na kupewa kazi ya kubeba askari. Iliwavusha Waaustralia kupitia Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, kuelekea Mashariki ya Kati; kisha ikawavusha Wamarekani kwenda Uingereza. Mwezi Julai 1943 ilibeba watu 16,683 katika safari moja. Vita vilipokwisha iliwapeleka Amerika wanawake waliokuwa wameolewa na askari, pamoja na watoto wao wachanga.

Lakini ndege za jeti zilipoanza kuivuka Atlantiki mwaka 1958, siku nne baharini zikageuka saa chache angani, na abiria wakahama. Mwaka 1967 manispaa ya Long Beach iliinunua meli kwa dola milioni 3.45. Ikaondoka Southampton tarehe 31 Oktoba, ikaizunguka ncha ya kusini ya Amerika, na kutia nanga Long Beach tarehe 9 Desemba. Ilifunguliwa kwa watazamaji mwezi Mei 1971, na hoteli ikaanza kupokea wageni mwaka uliofuata.

Msomaji aweza kuuliza: kulikuwa na njia gani nyingine? Na hapa yatupasa kuwa waadilifu. Normandie, meli ya Wafaransa iliyoshindana na Queen Mary kwa kasi, iliungua bandarini New York mwaka 1942 na mwishowe ikauzwa vyuma. Queen Elizabeth, dada wa Queen Mary, iliungua Hong Kong mwaka 1972 ilipokuwa ikitengenezwa iwe chuo kielelacho. United States, meli iliyoipokonya Queen Mary sifa ya kasi mwaka 1952, ilikaa miongo kadhaa ikiliwa na kutu huko Philadelphia, na mwaka 2025 ilivutwa hadi Alabama ikatayarishwe kuzamishwa, iwe makao ya samaki. Ndogo yake Queen Mary, Queen Elizabeth 2, ilinusurika kwa sababu nayo ilikuwa hoteli, kule Dubai, mwaka 2018.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika mto ule ule wa Clyde ziliundwa meli mbili zilizokuja kwetu, Kenya na Uganda, mali ya kampuni ya British India. Zilianza kazi mwaka 1951 na 1952, zikawa zinasafiri baina ya London na pwani ya Afrika Mashariki, na wazee wa Mombasa wanazikumbuka zikiwa Kilindini. Kenya ilivunjwavunjwa mwaka 1969. Uganda iligeuzwa meli ya safari za masomo za wanafunzi mwaka 1968, ikawa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, na ikaishia kwenye wavunja vyuma wa Taiwan mwaka 1986. Mwanafunzi wa leo atakaye kuipanda ngazi ya chombo kilichobeba jina la nchi yake hatapata hata ukingo wa kushika. Kwa hiyo anayeidharau hoteli ya Long Beach na atuonyeshe kwanza yeye ameokoa nini.

Baada ya kusema hayo, hebu tutazame kile kilichookolewa na kile kilichoachwa. Meli hiyo ilikuwa na madaraja matatu ya abiria. Daraja la tatu lilipangwa omo, mbele kabisa, mahali ambapo mawimbi humrusha mtu kuliko popote. Wenye nacho walilala katikati, palipotulia. Vyumba vya wageni wa hoteli leo, zaidi ya 300, aghalabu ni vile vya daraja la juu. Boila zake zote zilitolewa, na mitambo mingi ya chini ikafuata, ili kupata nafasi ya maonyesho. Meli ikapungukiwa na uzito iliokuwa nao siku za kazi. Kwa ufupi, sehemu ya waliohudumiwa ilibaki; sehemu ya waliohudumu ikawa ndiyo ya kwanza kutupwa.

Sidhani kwamba kulikuwa na njama. Hakuna mteja atakayelipa alale palipokuwa na joto la boila, katikati ya kelele na harufu ya mafuta. Atalipia mbao zilizong'arishwa, taa za shaba na kidirisha cha mviringo kinachotazama maji. Hiyo ndiyo tabia ya starehe: hukata historia vipande, ikachukua kipande kitamu. Mgeni hulala katika chumba cha tajiri wa mwaka 1936, akaamka akidhani kuwa mwaka 1936 kila mtu alikuwa tajiri. Huko Clydebank mwaka huo walikuwapo mafundi ambao hawakuwa wamesahau ile miaka ya njaa, nao ndio walioipigilia meli hiyo ribiti moja baada ya nyingine.

Kuna kasoro nyingine inayonisumbua zaidi. Tarehe 2 Oktoba 1942, karibu na pwani ya Ireland, Queen Mary iliigonga na kuikata vipande viwili manowari ya Waingereza wenyewe, Curacoa, iliyokuwa ikiisindikiza. Mabaharia zaidi ya 300 walikufa. Queen Mary haikusimama kuwaokoa, maana amri ya vita ilikataza kusimama mahali palipohofiwa nyambizi za adui. Tena mwaka 1966 baharia kijana wa miaka 18 alibanwa na mlango wa chuma karibu na vyumba vya mitambo, akafa. Haya ni mambo ya kufundishwa kwa staha. Lakini kwa miaka mingi wageni wametembezwa usiku humo melini wakisimuliwa habari za mizuka, na kifo cha kijana yule ni mojawapo ya hadithi zinazowasisimua. Kijana aliyekufa kazini amegeuzwa kitisho cha burudani. Mtu aliyekuwa na mama, mshahara na zamu amepokonywa vyote hivyo, akaachiwa kivuli tu. Ikiwa hii ndiyo kumbukumbu, basi kusahauliwa kuna heshima zaidi.

Watetezi wa biashara watasema kwamba mizuka huleta fedha, na fedha huziba matundu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama matundu yangezibwa kweli. Fedha za kuigeuza meli kuwa hoteli, ambazo zilitoka katika mapato ya mafuta ya mji huo, zilipita kwa mbali sana bei ya kuinunulia. Tangu hapo meli imekodishwa kwa kampuni baada ya kampuni, hata kampuni ya Walt Disney ikawahi kuiendesha. Mwaka 2017 wataalamu walikadiria kwamba matengenezo yote yangeweza kufikia dola milioni 289, ilhali manispaa ilikuwa imetenga milioni 23 kwa yale ya dharura. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliifunga hoteli. Mwaka 2021 mpangaji akafilisika, na manispaa ikalazimika kuichukua tena meli mikononi mwake. Miongoni mwa mambo ya haraka yaliyoshughulikiwa ni bomba za kutolea maji ya ngama. Hoteli ilifunguliwa tena mwaka 2023.

Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama, kwa ajili ya mwanafunzi wa bara ambaye hajawahi kupanda jahazi, ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yanayovuja hujikusanya. Hata uwe nahodha wa namna gani, utembee mbele na nyuma upendavyo, mwisho utashuka ngamani kuyatoa hayo maji, la sivyo chombo kitazama na sifa zako. Ngama ya Queen Mary ilikuwa ikilika na kutu wakati sitaha za juu zikiandaliwa karamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu umekadiriwa kwa mamia ya milioni.

Naona kwamba Kiswahili kinatusaidia kulifikiri jambo hili vyema kuliko lugha nyingi. Kitenzi "kuhifadhi" kina maana mbili ambazo hatuzitenganishi. Tunahifadhi nafaka ghalani zisioze, na tunahifadhi shairi moyoni tusilisahau. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Kurani hakiweki kitabu kabatini. Anakiweka ndani yake, aya kwa aya, nzito na nyepesi, asiruke yoyote. Kwa kipimo hiki, aliyeitunza meli isizame ametenda nusu ya kuhifadhi. Nusu ya pili ni kuyajua yaliyotendeka humo, matamu na machungu, bila kuruka. Kitu kilichotunzwa bila kujulikana kimewekwa tu, hakijahifadhiwa.

Lugha nazo hupatwa na yaliyoipata meli hii. Tazama neno "jambo" linavyotumiwa katika hoteli za ufuo wa bahari. Mswahili husema "hujambo", naye hujibiwa "sijambo". Viambishi hivyo vidogo ndivyo mitambo ya salamu yenyewe, maana ndivyo vinavyoonyesha nani anamjulia nani hali, na kwamba jambo linalotajwa ni baya ambalo twaomba lisiwepo. Kwa ajili ya mgeni wa wiki moja, viambishi vimeng'olewa, likabaki "jambo" tupu, linang'aa, linaelea juu, haliendi popote. Simlaumu mhudumu alitamkaye, kwani linampa riziki. Lakini siku Kiswahili chetu chote kitakapokuwa cha aina hiyo, cha kumpokea mgeni na kumuuliza atakunywa nini, tutakuwa tumebaki na hoteli ya lugha. Wenyewe tutakuwa tukizungumza mambo mazito kwa lugha nyingine.

Nini basi kifanywe? Siombi hoteli zifungwe. Naomba mambo matatu, nayo hayahusu Long Beach peke yake. Kwanza, penye kitu cha historia kinacholetea mtu faida, sehemu ya faida hiyo itengwe kwa ajili ya ngama kabla ya kugawanywa kwa ajili ya sitaha, na hesabu zake ziwe wazi kwa umma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, wanaosimulia historia ya mahali wasiwe ndio hao hao wanaouza vyumba vyake. Penye mwajiriwa wa mauzo, pawepo pia mwanahistoria asiyeogopa kumkera mteja. Tatu, kila penye jina la tajiri aliyelala, pawekwe jina la fundi aliyejenga na mhudumu aliyetandika kitanda.

Walimu wenzangu wana nafasi kubwa katika hili la tatu. Tunapowapeleka wanafunzi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mara nyingi tunawaonyesha mizinga na kuwatajia watawala. Ni wangapi kati yetu wanaowaambia kwamba kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 mahali hapo palikuwa gereza, kabla ya kufanywa jumba la makumbusho mwaka 1960? Ngome hiyo, kama ile meli, imefanya kazi zaidi ya moja, na si zote zinazopendeza kupigiwa picha. Mwanafunzi apewe maswali haya matatu katika daftari lake kabla ya kupanda basi: Nani alijenga? Nani alihudumu? Nani aliumia hapa? Akirudi na majibu, safari imekuwa somo. Akirudi na picha tu, tumemfanya mtalii katika historia yake mwenyewe.

Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtasomea utalii na kuendesha hoteli hizo, msidhani nawatia aibu kwa kazi mtakayoifanya. Ukarimu ni ustaarabu wetu tangu zamani, na kumpa mgeni kitanda kizuri ni jambo la heshima. Lakini mwenyeji mwema humkaribisha mgeni sebuleni huku akijua hali ya paa lake na msingi wake, na mgeni akiuliza habari za nyumba humweleza kweli yote, hata ile ya chumba alimokufa mtu. Queen Mary ingali imefungwa pale Long Beach, na rafadha yake moja iliyobaki inaonyeshwa watazamaji ndani ya maji. Wageni wanapanda na kushuka, wanatembea tezi na omo. Anayetaka kuijua meli hiyo, na anayetaka isimame miaka mingine themanini na tisini, hana budi kuteremka ngamani.